NYUMBA NA JAMAA: Barua ya Siri Ifungwe kwa Kufuli

Askari aliye kambini na mkewe aliye nyumbani huandikiana mengi: mshahara, ugonjwa wa mtoto, ada ya shule, ugomvi wa shamba. Baruapepe huyafikisha hayo upesi. Lakini njiani hupita katika mashine za watu wengine, na wenye kuzitunza mashine hizo waweza kuyasoma.

Juma hili twaeleza jinsi ya kuifunga barua hiyo kwa wale watumiao Mutt, programu ya barua iliyotungwa na Michael Elkins mwaka 1995. Mutt haina picha wala mapambo. Huendeshwa kwa herufi tupu, hata kompyuta kuukuu huimudu. Kazi ya kufunga hufanywa na mwenzake, GnuPG, ambayo Mjerumani Werner Koch aliitoa kamili mwaka 1999. Hiyo humpa kila mtu vitu viwili: kufuli ya kuwagawia watakaomwandikia, na ufunguo wa siri asioupa mtu yeyote.

Kwanza, kila mmoja aandike katika kompyuta yake: gpg --full-generate-key. Ajibu maswali, na achague nenosiri refu.

Pili, atoe kufuli yake kwa gpg --armor --export pamoja na anwani yake, ampelekee mwenzake. Mwenzake aipokee kwa gpg --import.

Tatu, na hapa ndipo penye roho ya jambo lote: hakikisheni kufuli ni ya mwenyewe. Mlaghai aweza kuleta kufuli yake kwa jina la mumeo, nawe ukamfungia yeye siri za nyumba. Andikeni gpg --fingerprint, kisha someaneni kwa simu zile herufi na tarakimu 40 mpaka mwisho. Sauti uijuayo ndiyo shahidi. Zikilingana, thibitisha kwa gpg --lsign-key.

Nne, katika faili la .muttrc ongeza: set crypt_use_gpgme = yes. Ukimaliza kuandika barua, kabla ya kuituma bonyeza p, kisha e ili kuifunga, au b ili kuifunga na kuitia sahihi. Halafu bonyeza y, iende.

Kumbukeni kwamba kufuli hufunga yaliyomo, si bahasha. Jina la mpelekaji, la mpokeaji, tarehe, na kwa kawaida kichwa cha barua, hubaki wazi. Basi kichwani andika "Salamu" tu. Tena, ufunguo ukipotea, barua za zamani hazifunguki kamwe. Wekeni nakala yake mahali salama, mbali na kompyuta.

Mwisho, kufuli hii ni ya mambo ya nyumbani. Habari za kazi, za doria na za safari za kikosi zina njia zake zilizoamriwa, wala hazifai kuandikwa katika barua ya jamaa, hata ikifungwa namna gani.