MBWA WA WAVUVI

Pepo za mwera zivumapo, kati ya Mei na Agosti, Ziwa Nyasa hugeuka ghafula, na mtumbwi uliotoka Liuli au Mbamba Bay kwenda kuvua dagaa huenda usirudi. Hapo ndugu hukaa ufukoni siku mbili, siku tatu, wakiyatazama maji. Wazamiaji, kama wapo, huzama kwa kubahatisha, maana hakuna awezaye kuwaonyesha mahali.

Sisi twasema yuko awezaye, naye ni mbwa. Msomaji asicheke. Mwili uliozama hutoa harufu ambayo hupanda polepole hata juu ya maji, na mbwa aliyefunzwa, akiwekwa mbele ya mashua, huinusa na kubweka. Katika vilindi vya Nyasa, vinavyofikia mita 700 hivi, hawezi kutufaa kitu. Lakini karibu na nchi, mahali ambapo mzamiaji hufika, aweza kuwapunguzia watu siku nyingi za kupapasa gizani.

Mtu atauliza: mbona mbwa wetu wa kijijini hawatoshi? Kwa pua, wanatosha. Mbwa amfuatiaye nguruwe mwitu katika milima ya Umatengo hana haja ya kufundishwa kunusa. Tofauti iko moyoni. Mbwa wetu tumemlea amchukie mgeni. Hiyo ndiyo kazi tuliyompa, naye huifanya vema. Lakini aliyenaswa chini ya kifusi ni mgeni, tena mgeni anayepiga kelele. Hapo hufaa mbwa ampendaye kila mtu, na kwa sifa hiyo Labrador hujulikana kote. (Kwa ulinzi wa nyumba hatumsifu, mwizi naye humlaki kwa mkia.)

Asili yake ni wavuvi. Wazee wake waliishi kisiwani Newfoundland, Kanada, wakivuta kamba za nyavu na kurudisha samaki waliochopoka ndoanani. Katika karne ya 19 walipelekwa Uingereza, na huko wakazalishwa ili warudishe bata waliopigwa risasi pasipo kuwatafuna. Mwaka 1903 wakaandikwa rasmi kuwa aina yao wenyewe. Manyoya yao ya tabaka mbili huzuia maji, mkia mnene ni usukani, na vidole vina utando kati yake. Huko Italia mbwa wa jinsi hii hufanya kazi na waokoaji wa pwani, wakiwavuta nchi kavu watu waliozidiwa na mawimbi.

Tena ni walafi. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge walitangaza kwamba Labrador mmoja katika kila wanne hivi amepungukiwa na sehemu ya jeni iuambiayo mwili kwamba umeshiba, na kwamba upungufu huo ni mwingi zaidi kwa wale waliochaguliwa kuwasaidia vilema. Ulafi, ulio aibu kwa bin Adamu, ni hazina kwa mwalimu wa mbwa: kwa kipande cha chakula mwanafunzi wake atarudia somo mara mia. Watu wa ofisini tunawaacha nje ya mjadala huu.

Hatusemi kwamba kazi ni rahisi. Jua letu humchosha mbwa mwenye manyoya mazito, na ndorobo na kupe humwua upesi asipotunzwa. Lakini ufundi si mgeni kwetu. Panya buku wa Morogoro, waliochekwa vilevile hapo mwanzo, walinusa mabomu ya ardhini ng'ambo ya Ruvuma, hata Msumbiji ikatangazwa mwaka 2015 kuwa imesafishika. Mbwa waliofunzwa Usa River, karibu na Arusha, wametumika kunusa pembe za ndovu. Na haja tumeiona kwa macho: matope ya Hanang, Desemba 2023, jengo la Kariakoo, Novemba 2024.

Yatupasa, basi, kuiomba Serikali ilipatie Jeshi la Zimamoto na Uokoaji mbwa wawili au watatu wa aina hii, na wasiwekwe wote Dar es Salaam. Kutoka Songea hadi Mbamba Bay, kupitia Mbinga, sasa ni lami, safari ya saa chache tu. Kutoka Dar es Salaam mbwa angefika wakati ndugu wamekwisha kuanua matanga. Na watakaowaongoza watafutwe miongoni mwa vijana wa huko huko ziwani, wanaojua upepo huvuma kutoka wapi.