Kabla ya leni mpya, tupeni hesabu ya moshi

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu (KeNHA), Nairobi

Mheshimiwa,

Sipingi upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit. Aliyewahi kuteremka Salgaa, kwenye barabara hiyo, usiku, lori mbele na lori nyuma, hawezi kuupinga. Ninachodai ni hesabu: leni mpya zikifunguliwa, magari mangapi zaidi yataingia, na yatatoa gesi kiasi gani kila mwaka?

Sheria ya mazingira ya 1999 inataka tathmini kabla ya ujenzi. Mwaka 2020 Kenya iliahidi kupunguza gesi zinazopasha dunia joto kwa asilimia 32 ifikapo 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo bila hatua yoyote. Ahadi hiyo itatimizwaje ikiwa barabara kuu hazijawekewa kikomo cha gesi?

Jimbo la Colorado, Marekani, lilipitisha kanuni Desemba 2021: mipango ya barabara ionyeshe kuwa itapunguza gesi kwa kiwango kilichowekwa, la sivyo sehemu ya fedha iende kwenye miradi inayoipunguza, kama mabasi na njia za waenda kwa miguu. Mwaka uliofuata, mpango wa kupanua barabara ya I-25 katikati ya Denver ukawekwa kando. Huko Houston, miaka ya nyuma, ilifanyika kinyume. Barabara ya Katy Freeway ilipanuliwa hadi leni zaidi ya 20, ukihesabu za pembeni, na miaka michache baadaye foleni zikawa zinarefuka tena.

Nitaambiwa Kenya huchafua kidogo sana. Ni kweli, na wala si sisi tulioanzisha balaa hili la dunia kupata joto. Lakini hilo haliondoi hatari iliyo katika mradi huu: mwekezaji atakayeujenga atarudishiwa fedha zake kupitia ada za barabarani. Kila gari linaloongezeka ni pato. Katika mkataba wa namna hiyo, nani atakayetaka mizigo ihamie kwenye reli ya kisasa, ambayo tangu 2019 imefika Naivasha? Nani atakayetetea mabasi ya umeme, ilhali mvuke wa Olkaria unazalisha umeme si mbali na barabara hiyohiyo? Kazi hiyo ni yako, Mheshimiwa, kwa kuwa wewe unasimama upande wa wananchi.

Chapisha hesabu niliyoidai, kwa Kiswahili pia, ikijumuisha magari mapya yatakayovutwa na barabara yenyewe. Kisha weka kikomo, na useme mwekezaji atalipia nini kikivukwa.

Wako,
Msafiri wa barabara ya Nakuru