Stevia badala ya sukari: nani hasa anafaidika Bujumbura?

Kila sukari inapoadimika mjini Bujumbura, swali moja hurudi katika nyumba za Buyenzi na Bwiza: chai ya leo itatiwa nini? Kwa mwenye ugonjwa wa kisukari swali hilo ni zito zaidi, kwa kuwa kwake sukari ni tatizo hata siku ambayo dukani imejaa. Hapo ndipo hutajwa vibadala vinavyotokana na mimea, na kinachotajwa zaidi duniani ni stevia. Jambo la kupima ni kama majani hayo yanaweza kuchukua nafasi ya sukari mezani, na kwa nani.

Uhaba huo una historia yake. Kiwanda cha sukari cha Burundi, SOSUMO, kiko Moso, kusini-mashariki mwa nchi, karibu na mpaka wa Tanzania. Kampuni hiyo, ambayo sehemu kubwa ya hisa zake inamilikiwa na serikali, iliundwa mwaka 1982, na kiwanda kikaanza kazi mwaka 1988. Uzalishaji wake, ambao kwa miaka mingi umekuwa karibu tani 20,000 kwa mwaka, hautoshelezi mahitaji ya wananchi. Kuziba pengo kwa kuagiza sukari kutoka nje kunahitaji fedha za kigeni, nazo zimekuwa haba. Matokeo yake ni foleni, bei za magendo na vifuko vidogo vinavyouzwa kwa kijiko.

Jani lililotoka Paraguay

Stevia ni mmea mdogo wenye asili ya Paraguay na maeneo jirani ya Brazil, ambako Waguarani waliyatumia majani yake kutia utamu vinywaji karne nyingi kabla wanasayansi hawajauandika, mwaka 1899. Dondoo lililosafishwa kutoka katika majani hayo lina utamu unaozidi ule wa sukari mara 200 hadi 300. Halina nishati ya kuhesabika, wala halipandishi kiwango cha sukari katika damu.

Mwaka 2008, kamati ya pamoja ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, na Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, iliweka kiwango salama cha matumizi ya dondoo hilo: hadi miligramu 4 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mwili, zikihesabiwa kama steviol. Kiwango hicho kinahusu dondoo lililosafishwa. Majani mabichi au yaliyosagwa nyumbani hayamo katika uamuzi huo, kwa hiyo anayeyanunua kwa fungu hana kipimo cha kufuata.

Mwezi Mei 2023, WHO ilitoa mwongozo uliowashangaza wengi. Ilishauri watu wasitumie vibadala vya sukari kwa lengo la kupunguza uzito au kujikinga na maradhi yasiyoambukiza, na stevia ilitajwa pamoja na vile vya viwandani. Ushahidi uliochunguzwa haukuonyesha kwamba vibadala hivyo hupunguza mafuta ya mwili kwa muda mrefu. Hata hivyo, shirika hilo lilieleza kwamba pendekezo lake ni la masharti, na kwamba haliwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Kwa maneno mengine, mgonjwa anayetaka chai yenye utamu bila kupandisha sukari ya damu bado ana sababu ya kufikiria stevia, akishauriana na mganga wake. Mzima anayetarajia kupungua unene kwa kubadilisha pakiti tu hana ahadi hiyo.

Neno “mimea” lisimpoteze mnunuzi

Miwa nayo ni mmea. Asali hutoka katika maua, sukari guru hutoka katika miwa, na maji ya ndizi mbivu hutoka shambani. Lakini kwa hesabu ya WHO, sukari iliyomo katika asali na katika juisi za matunda ni sukari huru, sawa na ile ya kiwandani. Shirika hilo linashauri sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima wa kawaida hizo ni takriban gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai. Soda moja ya mililita 330 hubeba karibu gramu 35. Anayekunywa soda moja na vikombe viwili vya chai yenye vijiko viwili viwili ameufikia ukomo, kabla hata ya andazi.

Tende inayofungulia swaumu huliwa nzima, na haihesabiwi kuwa sukari huru. Hata hivyo, mwenye kisukari huihesabu kwa idadi, kwa sababu sukari yake huingia katika damu vilevile. Pakiti ya stevia nayo isomwe: nyingi huchanganywa na vitu vingine ili zipate uzito wa kijiko, na baadhi ya viungo hivyo ni sukari za aina nyingine.

Hatari mbili za nyumbani

Hatari ya kwanza ni kudhani kwamba jani tamu ni dawa. Stevia haichukui nafasi ya insulini wala vidonge. Jambo hili ni zito katika kanda ya Afrika ambako, kwa makadirio ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari ya mwaka 2021, watu wazima milioni 24 waliishi na ugonjwa huo, na zaidi ya nusu yao hawakuwa wamepimwa wala kujua.

Hatari ya pili husahaulika zaidi. Mgonjwa anayetumia insulini anaweza kushukiwa na sukari ghafla: hutetemeka, hutoka jasho, huchanganyikiwa, na asiposaidiwa anaweza kuzirai. Wakati huo anahitaji sukari halisi, kama gramu 15, sawa na vijiko vitatu hadi vinne vilivyokorogwa katika maji, maadamu bado anaweza kumeza. Stevia haiwezi kumwokoa, kwa sababu ileile inayoifanya imfae siku za kawaida. Nyumba yenye mgonjwa wa namna hiyo, hata iwe imeacha sukari kabisa, inapaswa kuweka akiba ndogo, na katika miezi ya uhaba akiba hiyo ni sehemu ya matibabu.

Je, mkulima anaweza kuziba pengo?

Nchini Kenya, wakulima wadogo wa Kericho waliwahi kuilima stevia kwa mkataba na kampuni ya PureCircle. Kuotesha na kukausha majani hakukuwa mwisho wa kazi: usafishaji wake unahitaji kiwanda chenye mitambo ya gharama kubwa. Burundi ikianza kulima bila kiwanda hicho, itauza majani makavu nje na kununua pakiti kwa fedha zilezile za kigeni zinazokosekana leo.

Kwa familia nyingi za Buyenzi, basi, hatua iliyo karibu haipo katika pakiti ya kigeni. Ni kupunguza kijiko kimoja kila baada ya wiki kadhaa, hadi ulimi uzoee, huku tangawizi, iliki na mchaichai vikiipa chai ladha yake. Stevia ibaki kwa anayeihitaji kwa ushauri wa tabibu, na kopo dogo la sukari libaki kabatini kwa siku ya dharura.