Karte za wachezaji: kobalti ya kwenye telefone?

Sorare, kampuni ya Paris iliyoanza 2018, inauzisha karte za wachezaji kwenye telefone: Super Rare 10 tu kila musimu, Unique moja. Mwaka 2021 wawekezaji waliitilia dola milioni 680, kisha bei za karte zikaanguka. Sisi watu wa migodi tunajua hiyo: kobalti ilipanda 2022, ikashuka mpaka serikali ikasimamisha kuitoa inje, Februari 2025.

Lakini kobalti iko na kazi ndani ya betri. Karte inategemea magoti ya mutu. Wissa wetu aliingia Newcastle Septemba 2025. Siku chache nyuma akaumia goti na Léopards, akakaa miezi bila kucheza, bila pointi.

Basi tusinunue nyota bei ikiwa juu, tugawanye kwa wachezaji wengi, na feza ya minervali isiguswe.