Usiitukane Sufuria ya Chai

Kuna dharau mpya mjini, na imefika mpaka Sirari. Huja kwenye begi la kijana aliyemaliza chuo Mwanza au Nairobi, ikiwa imefungwa vizuri kwenye boksi: buli la kioo lenye kichujio cha waya na mkono wa kusukuma kwenda chini. Wengine huliita frenchi presi. Kijana huliweka mezani, huchemsha maji, hutia vijiko viwili vya majani kutoka pakiti ileile ya dukani, husubiri, hukandamiza. Kisha hututangazia kwamba miaka yote hii mama zetu walikuwa wanaiua chai kwa kuichemsha.

Buli lenyewe sina ugomvi nalo. Hukumu ile ndiyo ninayoipinga, kwa sababu anayeitoa hajui anakunywa nini.

Fungua pakiti ya chai ya kawaida hapa mpakani, iwe ya Kenya au ya Tanzania, maana zote hukaa rafu moja. Mimina kidogo kiganjani. Hutaona jani. Utaona punje nyeusi, ndogo kama mchanga mnene. Hiyo ni CTC, herufi tatu zinazotokana na kazi ya mashine yenye rola za meno: huliponda jani lililonyaushwa, hulirarua, huliviringa. Mashine hiyo ilibuniwa Assam, India, miaka ya 1930. Kenya, ambayo miaka ya karibuni huzalisha zaidi ya tani 500,000 za chai kwa mwaka, hutengeneza karibu yote kwa njia hiyo. Kwenye mnada wa Mombasa punje hizo huuzwa kwa madaraja, na yako madaraja ambayo jina lake rasmi ni vumbi.

Punje ndogo hutoa rangi na ukali wake kwa haraka. Ndiyo sifa yake, na inafaa sana kwa chai ya kukutana na maziwa na sukari.

Sasa nenda stendi ya Sirari alfajiri, kabla malori hayajapanga foleni kuelekea forodhani. Mama lishe ameshawasha jiko la mkaa. Maji na maziwa vimo sufuriani pamoja, tangawizi imetwangwa, majani yanaingia kwa kukadiria kwa mkono. Chai inapanda, anaiinua sufuria, inashuka, anairudisha, inapanda tena. Anachuja moja kwa moja kwenye chupa. Huyu mama hajaua kitu. Protini za maziwa hushikana na tanini za chai, na ule ukali unaokausha ulimi hupungua. Moto nao huikamua tangawizi. Kwa majani aliyo nayo, njia yake ndiyo sahihi.

Chukua punje hizohizo uzitie kwenye buli la kukandamiza. Zilizo laini zitapenya kwenye waya na kukuachia mashapo kikombeni. Zilizobaki zitakaa chini ya kichujio, bado zimelowa majini, zikiendelea kutoa uchungu. Kikombe cha kwanza kitanyweka. Cha tatu kitakukumbusha mwarobaini.

Mabuli ya kukandamiza yaliyobuniwa kwa ajili ya chai yana siri ndogo: sehemu ya chini ya kichujio haina matundu. Ukisukuma, majani hufungiwa humo, maji hayazunguki tena, na chai huacha kukolea. Lakini mengi tunayoyaona ni ya kahawa. Hataza mojawapo ya chombo hicho ilitolewa Italia mwaka 1929. Kama mkono unakuwasha kukandamiza, kahawa aina ya arabika inalimwa hapahapa Tarime. Anza na hiyo. Na yale maelekezo ya kwenye boksi yanayodai maji ya nyuzi 100, yasome kwa tabasamu. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, kama huku kwetu, maji huchemka kwenye nyuzi 95 na haziongezeki hata uchochee namna gani.

Buli la chai linahitaji jani zima, lililonyaushwa na kuviringwa bila kusagwa, lenye nafasi ya kujikunjua majini kwa dakika tatu au nne. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Jani hilo liko jirani. Vuka Isebania, pita Migori, panda kuelekea Kisii. Ukitoka Sirari asubuhi, kabla ya chakula cha mchana uko katikati ya mashamba ya chai. Wachumaji huchuma majani mawili na kichipukizi chake. Ni mchumo uleule. Mashine ya kiwandani ndiyo inayoamua kama utakuwa jani au punje. Baadhi ya viwanda vya wakulima wadogo chini ya KTDA vimeanza kutengeneza chai ya majani mazima, lakini macho yao yako kwa wanunuzi wa nje. Tanzania nayo ilifungua mnada wake wa chai Dar es Salaam mwaka 2023. Ni hatua njema, ila haijaleta jani zima kwenye duka la Sirari.

Najua nitakavyojibiwa: chai hiyo ni ghali, nani atainunua Sirari? Ataanza yule aliyenunua buli la kioo. Tena majani mazima hutiwa maji mara mbili, hata mara tatu, na bado yana ladha. Mwenye duka haleti kisichoulizwa, na sisi wenye vyeti hatujawahi kuuliza. Tumeona rahisi kumcheka mama kuliko kumuuliza mwenye duka, au kuandikia kiwanda kwamba wanywaji wako huku pia, si mbali na shambani.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye buli, kazi unayo. Uliza dukani. Ukipita Kisii, uliza huko. Rudi na robo kilo ya majani mazima, waalike jirani, kandamiza mbele yao, na umpe mama kikombe cha kwanza bila kumhubiria. Huenda akaipenda. Huenda akasema haina nguvu, na atakuwa na haki ya kusema.

Mpaka siku hiyo, ukifika kwenye jiko lake toa shikamoo, kaa kwenye benchi, unywe.