Pole Yako Haikati Vitunguu

Nataka tuongee kuhusu mahali panapoitwa njiani. Ukinunua kitu mtandaoni hapa Nairobi na kikufikie kimevunjika, utaambiwa kiliharibika njiani. Glasi zilipasuka njiani. Kifuniko cha blenda kilipotelea njiani. Huko njiani hakuna ofisi, hakuna namba ya simu, hakuna mtu wa kuuliza. Vitu vyetu vinafia huko na hakuna aliyeviua. Muuzaji anakuandikia "pole sana mrembo", anaongeza imoji ya mikono miwili iliyoshikana kama ya mtu anayesali, na kesi imefungwa.

Mimi nasema njiani ni kwa muuzaji. Kuanzia pale kitu kinapotoka kwenye rafu yake mpaka kinapotua mkononi mwangu, hiyo barabara yote na matuta yake na mvua yake ni yake. Najua kuna watu watakaoona naongea vitu vikubwa kwa sababu ya kitu kidogo. Kitu chenyewe ni kisu cha jikoni. Wacha nieleze kwa nini si kidogo.

Mama yangu anauza mboga Kayole. Mtu anayejua kibanda cha jioni anajua kwamba pale hauuzi sukuma wiki peke yake, unauza muda. Msee ameshuka matatu saa moja na nusu usiku, amechoka, anataka sukuma ya thelathini ikiwa imeshakatwa, tena nyembamba, afike nyumbani na kuimwaga kwa sufuria. Kisu kikiwa butu foleni inasimama, na foleni ikisimama watu wanahamia kibanda cha jirani. Kwa hivyo nilipolipwa kwa kazi fulani ya kuandika, nilimwagizia kisu cha inchi nane kutoka kwa ukurasa mmoja wa kuuza vyombo. Shilingi 2,300, na 250 za boda. Nililipa zote kabla ya kuona chochote, kwa sababu ndivyo wanavyotaka: lipa kwanza, fungua baadaye.

Kilikuja ndani ya mfuko wa karatasi, ule wa kubebea mkate. Hakuna boksi, hakuna katoni, hata ukurasa mmoja wa gazeti haukuwepo. Ncha ilikuwa imekatika, kama sentimita moja hivi, na katikati ya makali kulikuwa na pengo la kuingia ukucha. Upande mmoja makali yalikuwa yamepasua karatasi na kutokeza nje. Mtu wa boda alikuwa amejifunga kitambaa kwenye kidole gumba. Aliingiza mkono kwa begi akitafuta mzigo wangu, na mzigo wangu ukamkata.

Nilituma picha. Jibu lilikuja haraka, hilo nawapa: "Hiyo iliharibika njiani mrembo, sisi tulituma ikiwa sawa. Kama unataka tutamkata huyo wa boda kwa pesa yake, tukurudishie nusu."

Soma hiyo meseji tena polepole. Mtu ambaye hakufunga kisu anataka kumtoza mtu aliyekatwa na hicho kisu, ili amlipe mtu aliyelipia kisu kizima. Yeye mwenyewe katika hiyo hesabu hatoi hata shilingi. Nilikataa. Nikamwambia hiyo nusu sitaitoa kwa mfuko wa mtu aliyepata 250 kwa safari nzima, na humo atoe mafuta. Nataka pesa yangu yote, na itoke dukani. Nikablokiwa.

Sasa, kila nikisimulia hii stori kuna majibu ambayo napewa, na yote nimeyachoka.

La kwanza: "Si ukinoe tu?" Wanaosema hivi hawajawahi kumwangalia mnoaji akifanya kazi. Mimi nilimpelekea yule mzee anayepita mtaani na baiskeli yenye jiwe la kuzunguka. Alikigeuza mara mbili tu, akanieleza. Pengo la milimita mbili halijazwi, chuma hakiotagi. Ili litoke, lazima makali yote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, yaliwe milimita mbili, ndipo yalingane. Ncha nayo hurudishwa kwa kusaga mgongo wa kisu ukishuka kukutana na makali, na hiyo inakuachia kisu kifupi. Ukiharakisha bila kutia maji chuma kinapata moto, kikigeuka rangi ya buluu ujue ugumu umekwisha, na kuanzia hapo utanoa kila wiki. Kwa hivyo ninaponunua kisu cha inchi nane na kuambiwa nikanoe, naambiwa nilipe mara ya pili ili nipate kisu kidogo kuliko kile nilicholipia mara ya kwanza.

La pili: "Rahisi ni ghali." Ati ningenunua kitu cha maana hakingevunjika. Hapa watu wana mambo kichwa chini miguu juu. Chuma kigumu hushika makali muda mrefu, lakini ugumu huo huo ndio unaofanya kivunjike badala ya kupinda. Visu vingi vya Kijapani hufika 60 na zaidi kwa kipimo cha Rockwell, na vya Kijerumani mara nyingi huwa kati ya 54 na 58. Kadiri namba inavyopanda ndivyo kisu kinavyotaka kubebwa kama yai. Tangazo la huyo muuzaji lilijigamba kwa huo ugumu. Alijua anauza nini. Alijua kikigongwa kitatoka jino, kisha akakitia kwenye mfuko wa mkate.

La tatu ndilo linaloniuma, kwa sababu linatoka kwa watu wa rika langu: "Wacha kumharibia mtu hasla yake, naye pia anajitafuta." Bana, sote tunajitafuta. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu ya karo, na tangu hapo naishi kwa malipo ya makala ambayo huja yanapotaka. Mama anajitafuta. Mtu wa boda anajitafuta na kidole kimefungwa kitambaa. Kati yetu wanne, ni mmoja tu aliyekuwa na uwezo wa kuzuia hii hasara, naye alihitaji kipande cha katoni na selotepu. Katoni ya maziwa ukiomba dukani unapewa bure. Ukikunja kipande chake mara mbili juu ya makali, ukakifunga, ukakilaza kisu ndani ya boksi kisichezecheze, umemaliza. Dakika tatu. Mimi nikiwa Kayole singeweza kufanya hivyo. Mtu wa boda alipewa mfuko uliofungwa, singemtarajia aufungue. Hasara inapaswa kumwendea yule aliyeweza kuizuia kwa bei rahisi zaidi, kwa sababu asipoisikia mfukoni hatabadilika. Kesho atatuma kisu kingine kwenye mfuko mwingine.

Na tusidanganyane kwamba tulikuwa hivi siku zote. Nenda Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, wale wanaofua visu kutoka kwa spring kuukuu za magari. Unakishika kisu mkononi. Unakigonga usikie mlio, unaangalia kama mpini unacheza, unapitisha kucha kwenye makali. Fundi anakuangalia ukifanya hayo yote na hakasiriki, kwa sababu anajua ukishalipa na kuondoka, mmeshaonana. Akikuuzia kibaya utarudi, na atakuwa amekaa palepale. Biashara ya mtandaoni imetuondolea mikono, macho na pahali pa kurudi. Ikatubakishia picha nzuri na "bei njoo inboksi". Aliyetuondolea uwezo wa kukagua ndiye anayepaswa kubeba kile ambacho hatukuweza kukagua. Hiyo ni haki ya kawaida, haihitaji digrii.

Ila kwa vile nilisoma sheria ya biashara muhula mmoja kabla karo haijanitoa, wacha niitumie, isiende bure.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi kitu alichonunua, na haki ya kufidiwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Kulinda Walaji ya 2012 inamhesabu muuzaji kuwa ametoa dhamana kwamba bidhaa ni ya ubora wa kuuzika, na inataja mikataba ya intaneti kwa jina lake. Kwa hivyo yule anayeandika kwa ukurasa wake "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" hajaandika sheria. Ameandika tamaa yake.

Wauzaji wajanja watakuletea Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo tuliirithi kutoka kwa ile ya Waingereza ya 1893. Humo kuna kanuni kwamba muuzaji akishampa mchukuzi bidhaa, kwa kawaida inahesabika amekupa wewe. Hapo ndipo "njiani" ilizaliwa kisheria. Lakini wanaoishia kwa hiyo sentensi hawajageuza ukurasa. Sheria hiyo hiyo inamtaka muuzaji afanye mpango wa uchukuzi unaofaa kwa kuzingatia aina ya bidhaa, na asipofanya hivyo na bidhaa ikaharibika, mnunuzi ana haki ya kukataa kwamba alishapewa. Hata watu wa 1893, wenye meli na treni za makaa, walielewa kwamba huwezi kutuma kitu kinachovunjika kama unavyotuma gunia la mahindi. Sisi wenye simu mkononi tumeshindwa.

"Basi nenda kortini." Naam, kuna Mahakama ya Madai Madogo, ambayo ilianza kazi Milimani mwaka wa 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Ni kitu kizuri na watu wengi hawakijui. Lakini piga hesabu. Nauli ya kwenda na kurudi mara kadhaa, ada, siku za kazi zilizopotea, na kwanza nitafute jina halisi la mtu ambaye ninachomjua ni jina la ukurasa na namba ya kulipia. Shilingi 2,300 ni ndogo mno kwa korti na ni kubwa mno kwa mama yangu. Na wao wanaijua hiyo nafasi, ndipo wamejenga duka. Hawahitaji kutuibia pesa nyingi. Wanahitaji kutuibia kila mmoja kiasi ambacho ataona aibu kukifuata.

Ndiyo maana naikataa hii pole. Kwa Kiswahili pole ni neno zuri. Ukijikwaa barabarani mtu usiyemjua atakwambia pole, na unahisi umeonwa. Lakini pole ya mtu aliyekukwaza ina deni ndani yake, na muuzaji anayeandika pole kisha anakublokia amelichukua neno la majirani akaligeuza risiti ya kutolipa. Mama amekaa na hiyo pole kibandani. Haikati vitunguu, haitoi moyo wa kabeji. Anaendelea na kisu chake cha zamani, na sukuma inachanika badala ya kukatika.

Kwa hivyo, wasomaji wangu mnaoagiza vitu saa sita usiku mkiwa kitandani, na mimi niko hapo na nyinyi, tuanze na swali moja kabla ya kutuma pesa. Liandike hivi hivi: "Kikivunjika njiani, nani analipa?" Usiulize bei ya mwisho kabla hujauliza hilo. Akijibu "hakiwezi kuvunjika", hajajibu, uliza tena. Akijibu "sisi", piga skrinshoti uiweke. Akinyamaza, ama akuambie ati wateja wengine hawaulizagi maswali kama hayo, funga hiyo simu ulale, pesa yako bado iko kwako. Mzigo ukifika, omba kuufungua mbele ya aliyeuleta huku unarekodi, na umweleze yule mtu wa boda kwamba hiyo video inamlinda yeye pia, kwa sababu wewe na yeye ndio mtakaotupiwa lawama.

Na nyinyi wauzaji, najua mnasoma hapa, wengine tulisoma pamoja. Mnatumia pesa kwa taa ya kupigia picha, kwa matangazo, kwa stika zenye jina la duka. Tengeni shilingi ishirini ya katoni kwa kila kitu chenye makali, na muandike kwa ukurasa wenu, mahali panapoonekana, kwamba kikiharibika kabla hakijafika ni juu yenu. Mteja atakayesoma hayo atawaamini kuliko picha yoyote. Kama ishirini ni nyingi, basi msiuze visu. Uzeni mito.