Malindi na Njia ya Baharini

Malindi haikuanza jana kupokea wageni. Mwaka 1415 twiga wa Malindi alifikishwa Uchina kuwa tunu ya mfalme, na mwaka 1498 Vasco da Gama alikaribishwa hapa baada ya kukosana na watu wa Mombasa. Miaka ya 1930 zikaja hoteli za ufuoni. Miaka ya 1960 Waitaliano wakaja na kituo chao cha roketi cha San Marco, kule Ngomeni. Wenzao wakafuata, hata vijana wetu wengi wakakijua Kitaliano.

Sisemi kuwa mgeni ni balaa. Jikoni mwake na bustanini mwake zimepatikana riziki za nyumba nyingi. Ninalolilalamikia ni njia. Tulipokuwa wadogo, miaka ya 1970, tulishuka pwani kwa vichochoro: mvuvi na wavu wake, mama na kapu lake, watoto na mpira wao wa matambara. Leo vichochoro vingi vimeishia ukutani. Na ukuta huo, ndugu zangu, mgeni hakuuota. Kiwanja aliuziwa, na miongoni mwa wauzaji tumo sisi.

Njia zilizosalia ziandikwe katika ramani za serikali, na wazee wa mitaa wawe mashahidi wake. Asiuze mtu kilicho cha wote.

Chuoni tulifunzwa kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Je, mwenye kuiziba njia yenyewe tumweke wapi?